Begi Ndani ya Begi

Mama yangu aliuza vitambaa Kariakoo, na kila aliporudi kutoka safari za nje nilimkimbilia kumuuliza huko kukoje. Jibu lake lilikuwa lile lile siku zote: "Kuna vitambaa." Hakuwa ananikatisha, maskini. Ndicho alichokiona. Alishuka kwenye ndege, akaingia kwenye maghala, akalala hotelini katikati ya marobota, akarudi. Amekufa na pasipoti iliyojaa mihuri, na sidhani kama aliwahi hata mara moja kukaa kwenye benchi la nchi ya watu akapumzika.

Duka likawa langu, nikalifanya la mapazia, nami nikashika njia ile ile ya mama. Uturuki nimekwenda mpaka wauza jumla wa kule wananiita dada. Basi siku moja binti yangu, ambaye ndiye anayeshika duka nikiwa sipo, akaniuliza kama kweli kule theluji inaanguka mpaka inafunika magari. Nikajikuta namwambia kuna vitambaa. Iliniuma, sikufichi. Pale pale kaunta nikaapa kwamba mwaka huu naenda Uturuki kutembea. Nitaishika theluji kwa mkono wangu, na sitarudi na hata kitambaa cha kufutia meza.

Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini. Shoga yangu wa duka la pili, anayeuza mashuka, alikuja kusikiliza kicheko ni cha nini, na alipoambiwa, akaanza kuniagiza mashuka na rangi anazotaka. Nikamwambia mwenzangu, safari hii niache. Akanitazama kwa huruma kama mtu aliyesikia mlevi anaapa kuacha pombe.

Tiketi na gari la kukodi la kutupandisha mlimani kwenye theluji alishughulikia mume wangu. Huyu ni mtu wa kuzaliwa Mchafukoge, katikati ya maduka, bei ya kwanza kwake ni salamu tu. Akaperuzi kwenye simu usiku na mchana mpaka akapata gari la bei chee, chee kiasi kwamba hata yeye alinitajia kwa kunong'ona. Na kufungasha nikamwachia yeye. Hapo ndipo aliponimaliza.

Tulifika kule asubuhi, baridi ikipiga. Pale pasipoti nikaulizwa nimekuja kufanya nini, nikajibu kwa maringo kwamba nimekuja kutembea. Hatujafika mlangoni, mtu wa forodha akalinyooshea kidole begi letu kubwa. Nguo zetu zote zilikuwa kwenye mkoba wa mkononi, na hili kubwa mimi sikujua lina nini. Akalifungua. Ndani mna begi. Akalifungua hilo, ndani mna begi jingine. Kwenye lile la mwisho alikuta mizani ya kupimia mizigo, selotepu za kufungia maboksi na kalamu nene ya kuandikia jina la duka. Nikamgeukia mume wangu. Akasema wallahi mikono ilifanya yenyewe. Namwamini. Nyumbani kwetu begi halijawahi kwenda nje bila begi jingine tumboni, maana ndani yake ndimo mzigo unamorudia.

Mtu wa forodha akaniuliza tena nimekuja kufanya nini. Nikasema kutembea, safari hii sauti chini. Akamwita mwenzake aje aone, na mwenzake akamwita mwingine. Walipotuachia, kigari cha kutuchukua kwenda kwenye ofisi ya magari kilikuwa kimeshaondoka, kwa sababu kampuni ile ya bei chee haikuwa na hata meza ndani ya uwanja. Unasimama nje kwenye nguzo, unapiga simu, na simu haipokelewi.

Baridi ya kule haina adabu. Tulisimama mpaka masikio yakafa ganzi, ndipo mume wangu akatoa wazo lake. Tuachane na gari, tuchukue teksi tu mpaka kwenye mtaa wetu wa maghala, tukawasalimie wenyeji wetu, tunywe chai, tupate joto. Kusalimia tu. Jamani, nilimwona shetani akiwa amevaa koti la mume wangu. Najijua. Nikikanyaga mtaa ule, nikaonyeshwa mzigo mpya, kesho yake naandika jina la duka kwenye maboksi na theluji nitaisikia redioni. Bila gari lile, safari yangu ilikuwa imekwisha kabla haijaanza. Nikamwambia sibanduki.

Kigari kikarudi, kikatupeleka kwenye kibanda nyuma ya kituo cha mafuta. Bwana wa kaunta, mwenye masharubu mazuri, alituchangamkia, akatuletea chai, akasema gari letu linaoshwa. Tukanywa chai. Nikauliza, akasema linafutwa maji. Tukaongezewa chai. Nikauliza tena, akasema liko njiani linakuja.

Nikaweka glasi chini. Liko njiani! Hilo ni neno langu mimi. Mteja akija dukani anataka pazia ambalo sina, simwambii sina. Namwambia liko njiani linatoka stoo, kaa hapa kidogo, halafu natokea mlango wa nyuma mpaka kwa jirani, nachukua la kwake, narudi nalo nahema kama nimetoka mbali, naweka na cha juu changu kwenye bei, na mteja anaondoka amefurahi. Nusu ya Kariakoo tunaishi hivyo. Kwa hiyo gari hana, nilishajua. Kilichoniudhi ni kwamba hata kwa jirani hakwenda. Ukuta kwa ukuta naye palikuwa na ofisi nyingine ya magari, na magari yamejipanga nje yanang'aa.

Nikasimama, nikamwambia kwa Kiingereza changu cha sokoni:

"Kaka, gari huna. Na mimi ni muuzaji, najua. Nenda kachukue la jirani yako, mtamalizana wenyewe. Mimi hapa sitoki."

Masharubu yakamshuka. Akamtazama mume wangu aombe msaada, mume wangu akatazama dari, maana ananijua. Nikavuta kiti karibu na mlango nikakaa kitako na begi langu miguuni. Wakaingia wateja wengine. Nikawakaribisha, nikawaambia wakae, magari yanaoshwa. Wa pili walipoingia nikawamiminia na chai. Bwana yule hakusubiri wa tatu. Alitoka mbio, na aliporudi alikuwa na funguo mkononi na anahema vizuri kabisa. Gari lilikuwa zuri kuliko lile tulilokodi, lina viti vya kupasha joto, kwa bei ile ile ya kunong'ona. Tulipoagana alinipa mkono kama mtu wa kazi moja.

Usukani ulikuwa kushoto, mume wangu akakataa kuushika. Nikaushika mimi. Mtu aliyerudisha gari nyuma Mtaa wa Kongo, pale Kariakoo, mkesha wa Idi atababaishwa na nini? Tatizo lilikuwa moja tu, kila nikitaka kuwasha indiketa nawasha waipa, tukawa tunakata kona huku tunafuta kioo kikavu.

Chini ya mlima kuna mji wa viwanda vya nguo. Mapazia dirishani, mapazia mpaka barabarani. Mume wangu akasema taratibu, "Ile velveti ya kijani, umeiona?" Niliiona. Niliiona kabla yake, na mguu wenyewe ulishaanza kutafuta breki. Nikamkumbuka mama. Nikakanyaga mafuta.

Theluji tuliikuta juu, nyeupe mpaka inaumiza macho. Nilishuka bila glovu nikaichota kwa mikono miwili, nikalia kwa sauti, na sioni haya kusema. Kulikuwa na benchi. Nikalipangusa, nikakaa, sikufanya kitu chochote. Mume wangu alinitia donge la theluji shingoni, nami nikamrudishia.

Dar tulipotua, joto likatupokea, na wabeba mizigo wanaonijua wakaja mbio na vitoroli. Bwana wa forodha, ambaye amenifungulisha mabegi miaka yote, akaninyooshea kidole kabla sijamfikia. Nikampa shikamoo yake, nikafungua. Begi. Ndani begi. Ndani begi. Akainua selotepu, haijachanwa hata kidogo, akaniuliza kama mzigo unakuja kwa meli.

"Hakuna mzigo, mzee wangu. Nilikwenda kutembea." Nilisema kwa sauti hiyo, foleni nzima ikageuka.

Asubuhi shoga yangu alinikuta dukani, amekuja kuulizia rangi zake. Akachungulia nyuma ya kaunta, akachungulia stoo, akakosa hata boksi. Binti yangu akaniuliza, "Mama, kwani huko kukoje?"

"Vuta kiti," nikamwambia.

Nilianzia kwenye begi ndani ya begi. Sijafika mlimani, mteja akaingia anataka pazia la velveti, la kijani. Shoga yangu hakunigeukia hata kuniuliza. Alimwambia liko njiani, akae kwanza, mwenye duka anahadithia.