Udongo wa Mlangoni kwa Bibi Valeria

"Mchawi! Kachota udongo mlangoni kwa mtu!"

Jamani, huyo mchawi alikuwa shemeji yangu.

Ilikuwa Sabasaba mwaka jana, hapa Sumbawanga, baridi ya Julai imekaza mpaka watu wanavaa soksi mikononi. Mke wangu Husna akaniambia, "Mtembeze kaka yangu mjini."

Yunusu alikuwa ametoka Tanga. Babu yao aliwahi kuwa na nyumba yenye duka hapa mtaa wa Mazwi, akaiuza, akahama. Yunusu alitaka kuiona tu.

Tukatembea mdogomdogo, tunatafuna karanga. Kila penye ukuta wa zamani anasimama, anapiga picha.

"Shem, kuta hizo hata mbuzi wetu hawazitazami," nikamtania.

Nyumba tukaipata. Yunusu akainama kizingitini, akamega udongo, akaufunga kwenye leso.

"Wa kumpelekea mama."

Mungu wangu! Huku kwetu mlangoni kwa mtu huchoti kitu. Kabla sijafungua mdomo, mama mmoja aliyekuwa anaanika ulezi ng'ambo ya barabara akapiga yowe.

Watu wakajaa fasta. Jiwe la kwanza likampasua nyusi. Mateke, fimbo, matofali. Akainua mkono kujikinga, nikasikia mfupa ukilia kah!

Jamaa mwenye mpini wa jembe akanigeukia.

"Na wewe, umekuja naye?"

"Simjui. Napita zangu."

Ndiyo, nilisema hivyo. Mpini ukamrudia Yunusu mgongoni. Alikuwa ananitazama kwa jicho moja ambalo halijavimba.

Mlango ukafunguliwa. Bibi Valeria, mwenye nyumba, mgonjwa wa kifua, akatoka anakohoa na kujitupa juu ya Yunusu.

"Mlango ni wangu! Kama karoga, kaniroga mimi! Haya, nipigeni!"

Nani ampige bibi? Wakatawanyika mmoja mmoja.

Hospitali, Husna akauliza kwa kilio ilikuwaje.

"Mumeo kaniokoa," Yunusu akasema. "Bila yeye ningekuwa marehemu."

Husna akanikumbatia. Alipotoka kutafuta uji, nikapiga magoti kuomba msamaha.

"Sikusema kwa ajili yako," akanijibu. "Mdogo wangu ana mimba ya miezi saba. Anahitaji mume wa kumtegemea. Nenda ukawe huyo."

Ndugu yangu, usijiite mwanaume kwa sababu ya kelele za kijiweni. Utajijua siku kipigo kikiwa kinatafuta mtu wa pili.

Mtoto alizaliwa salama, wa kiume. Wageni wakimwona wanasema, "Baba mtupu huyu!" Husna anacheka. Mimi naomba Mungu iwe sura tu.