Fundi Aliyepima Mwanga Uliobaki

Muuza nyama mmoja wa soko la Burma ndiye aliyenipa habari, huku akikata mbavu. "Mzee, yule fundi wako wa simu tumempoteza. Kifua." Nikaiacha nyama pale pale. Wasomaji wangu mnanijua, mimi siachi nyama.

Marehemu alikuwa jirani yangu mtaani Komarock. Shule niliionja tu, kwa hiyo kazi yake sikuielewa mpaka aliponieleza polepole, tukiwa papo hapo Burma. Akasema simu za siku hizi, kati ya vituo vikubwa, hupita kwa mwanga ndani ya uzi wa kioo mwembamba kama unywele. Mtu mmoja anatia mwanga upande huu, mwenzake upande ule anashika kipimo anasoma uliofika. Nikamuuliza, "Kwani haufiki wote?" Akacheka. "Wote utoke wapi, mzee? Njia inakula, kila kiungo kinakula, ukiukunja uzi sana, mwanga unamwagika konani. Kazi yangu ni kujua umeliwa kiasi gani."

Sasa laini yake moja ilipita karibu na Dandora. Vijana wa kule walikuwa wakichimba nyaya za simu, wanachoma mpira, wanauza shaba. Walipouona ule waya mweusi mnene wakasema huyu ndiye mama yao. Kuukata, ndani ni kioo kitupu. Wakautupa. Baadaye wakaja wengine, nao wakakata. Fundi akaniomba nimsindikize, kwa kuwa kule nafahamika. Akawainulia kipande: "Oneni wenyewe, hakuna kopa, hakuna shaba humu!" Kijana mmoja akamjibu, "Buda, hata ingekuwemo ungesema hivyo hivyo." Wakaangua kicheko.

Yeye hakucheka. Kioo hakivutwi kama kamba. Waya ukikatwa, fundi hupachika kipande katikati, kwa hiyo jeraha moja ni viungo viwili. Aliviunga vizuri, na kila alichokipima kilikuwa sawa. Lakini chovya chovya humaliza buyu la asali. Ikafika siku mwanga uliobaki haukuweza kubeba sauti ya mtu, na siku hiyo hakuna aliyekuwa amekata chochote. Wakubwa wake wakasema, "Umeunga vibaya." Akawasihi waje wapime kiungo kimoja kimoja mbele yake. Hawakuja. Akafukuzwa kama fundi mbovu.

Kazi haikumuuma kama lile jina. Kila tukikutana: "Mzee, wewe uliona. Si utawaambia?" Basi nikaenda naye ofisini kwao. Askari wa lango akanitazama viatu. "Wewe ni injinia?" Nikasema mimi ni jirani. "Ujirani haupimi simu, mzee. Rudini nyumbani." Tukarudi. Tangu siku hiyo hakuniuliza tena.

Tulimzika Jumamosi. Kutoka kazini kwake hakuja mtu.

Nami natazama mitaa yetu hii: mabomba yamefungwa kwa mipira, barabara zimezibwa kwa udongo, watu wazima wanaishi kwa vibarua vya kuungaunga, na tunaambiana bado inaenda. Nilidhani kitu hufa kwa kukatwa. Kumbe hufa hata kwa kuungwa, kidogo kidogo, kila kiungo kikiwa kizima. Na siku sauti isipofika, hatumtafuti aliyekata. Tunamshika yule tuliyemkuta akiunga.