Majibu Niliyomfundisha Mama

Katika ukoo wetu, mimi ndiye niliyepanda ndege kwanza. Nalisema hili mapema ili ieleweke kwa nini kila karatasi yenye mhuri wa nchi za nje iliyopanda mlima hadi kwa mama, kijijini Uru, iliteremka tena hadi kwangu, Rau. Katikati ya miaka ya themanini nilikaa Ulaya miaka mitatu, nikarudi na stashahada ya ufundi wa majokofu, koti zito ambalo sikulihitaji tena, na tabia ya kufika mahali dakika tano kabla ya wakati. Sikusomeshwa na mjomba wala padri. Barua za kuomba ufadhili niliziandika mwenyewe, kwa mwandiko wangu, na majibu yalikuja kwa jina langu. Biashara zilipofunguliwa na majokofu ya mitumba yakaanza kumiminika mjini Moshi, mafundi wengine walikuwa wakiyapiga makofi ubavuni na kusikiliza. Mimi nilikuwa na vipimo. Nyumba ya Rau imesimama juu ya vipimo hivyo.

Viza yangu mimi niliipata kabla ya chai ya saa nne. Nilivaa suti, nikaingia ubalozini Dar es Salaam, ofisa akainuka kunipa mkono. Akaniuliza kama ni kweli kwetu kuna theluji. Nikamwambia ipo, inaonekana hata ukiwa chooni. Akacheka, akagonga mhuri. Kwa hiyo mwishoni mwa miaka ya tisini, ilipofika zamu ya mama, sikuona kama kuna jambo la kuumiza kichwa.

Mdogo wangu wa mwisho alikuwa ameolewa huko huko Ulaya na mwanamume wa huko, mtu mpole anayesanifu madaraja. Miaka tisa walikaa bila mtoto. Mama hakuwahi kulitamka jambo hilo mbele yetu, ila kila Jumapili baada ya misa alibaki kanisani peke yake, na sote tulijua anabaki kwa ajili ya nani. Kisha ikaja barua. Katikati ya habari za baridi na za kupanda kwa kodi ya nyumba, palikuwa na sentensi moja: mama aje kabla ya Pasaka.

Haikusema kwa nini. Kwetu mimba haitangazwi, hasa ya mtu aliyeisubiri hivyo. Mama alinisikiliza nikisoma, akaniomba nirudie sentensi ile, akaenda kuwasha moto ambao ulikuwa tayari unawaka.

Kwetu pia mwanamke akijifungua, hasa uzao wa kwanza, hulelewa miezi mitatu. Hashiki jembe, hachoti maji, hasogelei jiko. Anakula mtori na nyama, anakunywa maziwa, ananenepa, na anayemlea ana amri kuliko mwenye nyumba. Mama alimlea hivyo mke wangu mara tatu, na mara tatu hizo nilifukuzwa chumbani kwangu mwenyewe.

"Nimelea wazazi wa watu," alisema. "Wa kwangu nani atamlea? Yule mwenye madaraja?"

"Mama," nikamwambia, "viza ni kazi ya dakika ishirini. Niachie mimi."

Nilikuwa nimehifadhi sandukuni nakala tupu ya fomu ya viza tangu siku zangu. Mtu aliyesoma hatupi fomu. Niliijaza kwa herufi kubwa, wino mweusi, nikaipeleka Dar es Salaam mwenyewe. Karani wa dirishani aliishika kwa ncha za vidole. Akamwita mwenzake. Mwenzake akamwita mwingine.

"Mzee, umeitoa wapi hii?" aliuliza yule wa tatu, na nilisikia heshima katika sauti yake.

"Ni yangu."

"Hata sisi wenyewe hatuna tena."

Nikaelezwa kwamba utaratibu umebadilika. Sasa kulikuwa na fomu maalumu kwa ndugu wa wanandoa wanaoishi kule, kurasa nane. Mwenyeji aandike barua ya mwaliko na kuigongesha mhuri katika ofisi za mji wake. Mwombaji awe na bima ya safari. Na aje mwenyewe kuhojiwa, kwa miadi. Nilirudi Moshi na fomu mpya, na nilipoulizwa nyumbani nilisema nimekwenda kuchukua maelekezo.

Mahojiano hayakunitisha. Nimehojiwa mara nyingi kuliko mtu yeyote wa kata yetu. Kila Jumapili alasiri nilipanda Uru, nikamketisha mama kwenye kigoda mbele ya zizi la ng'ombe wake, mimi nikakaa kwenye kiti kama ofisa.

"Unaenda kufanya nini?"

"Kutembea."

"Kwa muda gani?"

"Muda mfupi. Lakini inategemea na hali ya..."

"Mama! Usiongeze maneno. Watu wa ubalozi wanaogopa maneno mengi."

"Wakinisalimia?"

"Itikia."

"Nisiwaulize habari za nyumbani kwao?"

"Usiwaulize."

"Hao wamelelewa na nani, baba?"

Jibu la kutembea lilikuwa langu, na nililichagua kwa akili. Enzi zetu tulijua kwamba ukitaja mtoto, ofisa anaona mtu atakayeng'ang'ania huko. Mama alilipenda kwa sababu yake mwenyewe. Lilimwepusha kutamka mimba ya bintiye dirishani, mbele ya mwanamume asiyemjua. Kwa mara ya kwanza mimi na mama tulikubaliana jambo bila ubishi, na hilo peke yake lingenitosha kushtuka.

Siku ya miadi tulifika dakika tano kabla. Mlinzi wa getini alimwamkia mama shikamoo, kisha akanizuia mimi.

"Mwombaji ni nani?"

"Ni mama, lakini msemaji ni mimi."

"Utaratibu umebadilika, bosi. Mwombaji anaingia peke yake."

Nikamtolea nakala ya stashahada yangu. Nampa haki yake: aliisoma yote, hadi sahihi za chini. Kisha akaniuliza kama ningeweza kutazama jokofu la kibanda chao, maana lilikuwa halipozi tangu wiki iliyopita. Nikalitazama. Lilikuwa limeishiwa gesi, na mpira wa mlango ulikuwa umechoka. Nilikuwa bado nimechuchumaa nyuma yake nikiwaeleza walinzi wawili habari za mpira ule, mama alipotoka na karatasi mkononi.

Iliandikwa kwamba maelezo ya mwombaji hayalingani na barua ya mwaliko.

Shemeji yangu, kama mtu wa madaraja, alikuwa ameandika kila kitu. Wiki ya mimba, tarehe ya kujifungua, hospitali. Alikuwa ameambatisha hata ile picha ya mashine, ya mtoto akiwa tumboni.

"Wakanionyesha picha ya tumbo la mwanangu," mama alisema. Alikuwa ameketi kwenye ukingo wa barabara, kitenge kimefunika mdomo. "Mbele ya watu waliopanga mstari."

"Ukasemaje?"

"Nikasema siijui."

"Mama!"

"Ningesemaje? Ulisema nisiongeze maneno."

Tuliporudi Moshi nilipiga simu kutoka kwenye ofisi ya simu na faksi pale mjini. Dada yangu alikuwa ameshapata habari.

"Kaka, ulimfundisha mama aseme uongo?"

"Si uongo. Ni ufupi."

"Ufupi! Wameandika kwamba mama ameikana barua ya mume wangu. Zimebaki wiki tano, kaka. Tano! Hapa hospitali wanakutoa siku ya tatu, unarudi nyumbani na mtoto, huna mtu. Miaka tisa nimemwambia Mungu, ukinipa huyu, mama yangu ndiye atakayemwogesha. Mungu amenipa. Wewe umempa mama jibu la kutembea."

Akaanza kulia. Nyuma yake nilisikia sauti ya mumewe ikiuliza jambo kwa upole. Nililipia simu, nikaenda kutafuta miadi nyingine.

Tulipata miadi nyingine, wiki mbili mbele, kwa sharti la kuleta barua ya ufafanuzi. Niliiandika siku nzima, nikafunga duka. Kurasa mbili zilizopigwa taipu, lugha ya juu. Nikampandishia mama nikamsomea. Alisikiliza akiwa anachambua majani ya ng'ombe.

"Barua hii inakuzungumzia wewe," alisema.

"Nimeanza kwa kujitambulisha."

"Umejitambulisha hadi mwisho." Akajifuta mikono. "Andika mstari mmoja kwamba mwanamke huyu atasema mwenyewe. Mimi nitakwenda kusema."

Niliandika mstari huo. Naweza kusema, bila kujisifu, kwamba ulikuwa mstari mzuri.

Lakini kusema kwenyewe kulimtesa kuliko nilivyodhani. Wiki ile hakula vizuri. Alihofu kwamba akilitaja jambo lile mbele ya watu wasiojulikana kabla halijatimia, na likaharibika, itakuwa ni mdomo wake. Hatimaye aliwapelekea suala hilo akina mama wenzake wa jumuiya, baada ya sala. Walijadiliana hadi chai ikapoa, na wakatoa uamuzi: inaruhusiwa, ikiwa anayeambiwa ni mwanamke, na ikiwa haitatajwa tarehe.

Siku ya pili ya miadi sikubishana getini. Walinzi walinikaribisha kibandani kwa soda baridi, baridi ya gesi mpya, na kila mmoja aliyeingia waliniambia nimwonyeshe ile stashahada. Nilikuwa nayo. Lakini macho yangu yalikuwa mlangoni. Saa nzima ikapita, na nusu.

Yaliyotokea ndani nimeyapata kwa mama mwenyewe, na ameyasimulia mara nyingi mbele ya mashahidi bila kubadilisha neno. Dirishani alimkuta mwanamume. Akamwamkia, akamwuliza habari za nyumbani kwake, kisha akaomba kuzungumza na mwanamke. Akaulizwa sababu. Akasema sababu yenyewe ni ya wanawake. Yule bwana akawa mwekundu, akaondoka mbio. Akaja binti wa huko huko kwao, aliyejifunza Kiswahili chetu, na mama akaomba viti. Wakapewa chumba.

"Mama, unakwenda kufanya nini?"

"Kule kwa mwanangu kuna mgeni."

"Mgeni gani?"

"Hajafika."

Binti akapekua faili. "Na yeye ameomba viza?"

Mama anasema alicheka hadi akashika meza, na uoga ukamtoka hapo hapo. Akamwambia yote. Kwamba mwanawe ana mimba, kwamba ameingoja miaka tisa. Jinsi mzazi anavyokandwa kwa maji ya moto, jinsi ndizi za mtori zinavyopondwa, na kwamba siku ya tatu huwa mzazi hajajua bado kama yu hai. Yule binti aliacha kuandika.

"Mume wake hawezi kufanya hayo?"

"Mwanangu, mama yako alipokuzaa, nani alimpa chakula?"

Binti akageuza ukurasa wa faili. Akauliza, kama utaratibu ulivyomtaka, kuna nini cha kumhakikishia kwamba mama atarudi. Hapo mimi nilikuwa nimemfungia kwenye bahasha barua ya mtendaji wa kijiji, picha ya nyumba, na nakala ya stashahada yangu. Mama hakuifungua bahasha.

"Nina ng'ombe wa maziwa," alisema. "Ananijua mimi. Nimemwachia kijana wangu, yule aliye getini."

"Anajua kukamua?"

"Hajui. Amesoma mambo ya majokofu."

Binti akatazama kalenda ukutani. Akamuuliza miezi mitatu si itakuwa mingi mno kwa ng'ombe.

"Mingi," mama akasema. "Lakini mke wake anajua. Huyo wa getini nimemsingizia kidogo."

Alitoka getini akiwa ameikumbatia pasipoti kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mayai. Viza ilikuwa ya siku tisini. Nilimwambia kwamba bahasha yangu bila shaka ilisaidia kwa uzito wake. Akanipapasa bega.

Tulimpeleka uwanja wa ndege ukoo mzima, magari matatu. Nilimpa koti langu, lile zito, nikamweleza mambo ya mikanda na ya vyoo vya ndegeni, naye alikuwa akitazama juu ya kichwa changu, akihesabu vifurushi vyake vya ndizi zilizokaushwa.

Siku ya sita baada ya hapo kijana wa ofisi ya simu alikuja dukani kuniita. Niliacha jokofu la mteja limelala kifudifudi, nikaenda hivyo hivyo na mikono ya grisi.

"Kaka." Sauti ya dada yangu ilikuwa ndogo, ya mtu aliyelala. "Jana jioni. Msichana."

"Mama alikuwepo?"

"Alikuwepo. Wauguzi walimwambia asubiri nje. Akawaambia amesubiri nje miaka tisa."

Kisha nikasikia simu ikinyang'anywa.

"Baba? Hapa wanamwambia mzazi atembee! Siku ya kwanza! Nimefunga mlango. Huyu mkwe nimempeleka kutafuta mkia wa ng'ombe wa supu ya mzazi, tangu asubuhi hajarudi, lakini ni mtu mzuri, ataupata. Usiniongeleshe sasa, nina kazi."

Nilitaka kumuuliza mtoto anafanana na nani. Lakini simu ilikuwa imewekwa mahali, haikukatwa, na nikabaki nayo sikioni nikimsikia mama yangu, mbali kule, akimwambia mdogo wangu afungue mdomo, anywe, asibishe, anywe tena.