Kuwaombea Wavuvi Huku Kwenye Kahawa

Nilistaafu ualimu kule ufukweni mwa Ziwa Nyasa, nikahamia Maguu kwa binti yangu aliyeolewa huku milimani. Shule ya jirani ilikuwa na upungufu wa walimu, na mwalimu mkuu akaniomba niwashike watoto wa darasa la kwanza. Nikakubali kwa furaha. Namshukuru Mungu, miguu bado inasimama na sauti haijakatika.

Kila mchana, kabla ya kuwaruhusu, tulisali. Nilisali kama nilivyozoea kwetu: nikawaombea wagonjwa, wajane, wasafiri, halafu wavuvi. Nikifika kwa wavuvi nilikaa hapo. Niliomba upepo wa kusini utulie, mitumbwi isipinduke, nyavu zirudi na usipa, dagaa wa kwetu, na wenyewe warudi nazo. Kwetu saa hizo wavuvi waliokesha ziwani wamelala na usipa umeanikwa juani, hakuna anayeona sala imezidi. Mwili wangu ulikuwa umehama, mazoea yangu bado.

Mwanangu wa mwisho anavua kule ziwani, kijiji cha Mbaha. Miezi ya upepo nalala na simu kifuani. Darasani sikuwa nimemwambia mtu.

Siku moja, katikati ya sala, nikasikia madawati yakilia. Nikafumbua macho. Darasa zima lilikuwa linanitazama, mifuko ya madaftari tayari begani.

“Mbona hamkufumba macho?”

“Tulifumba, mwalimu,” akasema msichana wa dawati la mbele, aliyeng'oka meno mawili ya juu. “Tukachoka.”

“Mnachoka kusali?”

“Sala yako ndefu. Hata padri anamaliza kabla yako.”

Wakacheka. Mvulana mmoja akadakia kutoka nyuma: “Mama ananigombeza, mwalimu. Nikichelewa kwenda kuchuma tunakosa zamu ya mashine, kahawa inalala haijamenywa.”

“Inaharibika!” wakaitikia wote, kwa sauti ile ya kujibu hesabu.

Msichana wa mbele hakuwa amemaliza. “Halafu, mwalimu, hapa hakuna mitumbwi. Kila siku mitumbwi, mitumbwi. Kahawa hujaiombea hata siku moja.”

Ningeweza kumwambia akae chini. Lakini alikuwa ananitazama bila ubaya wowote, kama mtu anayekuonyesha kwamba kanga yako imeshika matope. Nikamjibu kweli.

“Mwanangu ni mvuvi.”

“Anajua kuogelea?”

“Anajua.”

“Sasa unaogopa nini?”

“Upepo ukiwa mkali, kuogelea hakusaidii.”

 Msichana akafikiri, ulimi ukicheza kwenye pengo.

“Basi mwombee yeye,” akasema. “Unazunguka kwa wavuvi wote, kumbe unamtaka mmoja.”

Nikavuta kiti nikakaa. Nimesikiliza mahubiri mengi maishani, na mengi yamenijenga, lakini hakuna aliyewahi kuniambia jambo hilo. Nilikuwa naogopa kwamba nikipunguza maneno, na ulinzi wa mwanangu utapungua. Kila siku niliongeza kidogo, nikataja na nyavu, na makasia, na mawe ya pale wanapotia nanga, kana kwamba nisipovitaja Mungu atavisahau. Na watoto wa watu walisimama wakinisubiri nimalize woga wangu, huku mama zao wakiwatazamia shambani.

“Haya,” nikamwambia, “leo tusalishe wewe.”

Akapiga ishara ya msalaba upesi, na wenzake hivyo hivyo. Mimi Mwanglikana nikainamisha kichwa na kufumba macho.

“Mungu, mtoto wa mwalimu asizame. Na sisi tuwahi mashine. Amina.”

“Amina!”

Nikasikia vishindo vya miguu mlangoni, kisha vikishuka mteremko kuelekea mashambani, mmoja akimwita mwenzake amsubiri. Darasa likawa kimya. Mimi nilikuwa bado nimefumba macho, nikingoja sehemu iliyobaki.