Darasa la Sita la Naviundu

Mwaka ule Katanga ilipojitenga na Kongo, Marie-Thérèse Kalaba alikuwa mwalimu wa darasa la tano katika shule ya kule Naviundu. Alikuwa mwenyeji wa pale, binti wa wakulima, na masista walikuwa wamemfundisha ualimu kwa miaka minne mizima. Ng'ambo ya ukuta wa darasa lake, darasa la sita lilikuwa la Stanislas, mtu wa Kasai mwenye sauti ya taratibu, ambaye wanafunzi wake wakimaliza walijua kuandika na kupiga hesabu kweli.

Kisha watu wa Kasai wakaanza kufukuzwa Katanga, wakiambiwa ni wageni. Asubuhi moja Stanislas alifunga godoro lake juu ya baiskeli na kwenda na mkewe kwenye kambi ya wakimbizi, chini ya ulinzi wa askari wa ONU, yaani Umoja wa Mataifa. Walimu wengine watatu wakamfuata. Kalaba alisimama mlangoni akitazama watoto wa darasa la sita wakicheza kiwanjani saa za masomo.

Likizo ilipofika, inspekta wa shule, Clément, alimwita kufundisha vijana wa kuziba nafasi zile kazi ya ualimu, kwa wiki chache tu. Kalaba alijitahidi. Lakini wengi wao hawakuwa wamemaliza hata shule ya msingi. Mwisho wa mafunzo aliwaangusha zaidi ya nusu. Inspekta akawapitisha wote.

"Mama Kalaba," alisema bila kumtazama, "unataka nifanye nini? Batoto habawezi kukaa bule. Beko na lazima ya mwalimu."

"Ya mwalimu, ndiyo. Haiko ya muntu ya kusimama tu mbele yabo!"

Inspekta alicheka kidogo, akamfungulia mlango atoke.

Darasa la sita lilipewa Gérard, kijana mrefu, mmoja wa wale walioanguka. Haukupita mwezi, Kalaba akasikia kupitia ukutani watoto wakiimba kwa pamoja kwamba robo ni kubwa kuliko theluthi, maana nne inapita tatu. Aliuma midomo, akaendelea na somo lake. Mara akasikia sauti ya msichana aitwaye Mimi, aliyekuwa akipendwa sana na Stanislas:

"Hapana, mwalimu. Ukigawanya mu nne, kipande inakuwa kidogo."

Ikafuata fimbo, kisha kilio.

Kalaba hakuweza tena. Aliingia, akachukua chaki mkononi mwa Gérard, akachora maduara mawili ubaoni na kusahihisha somo mbele ya watoto wote. Gérard alisimama pembeni, masikio yakimwaka moto. Kesho yake inspekta alimwita Kalaba. Inspekta alikuwa ameambiwa kwamba Kalaba anamdharau mwalimu mpya na kuwatetea watu wa Kasai, neno ambalo siku zile lingeweza kumfikisha mtu pabaya. Alinyang'anywa darasa la tano, akashushwa hadi la kwanza.

Alirudi nyumbani amekasirika hata asile. Jioni, Gérard akabisha hodi. Hakukaa mpaka alipoambiwa mara mbili.

"Mama, miye ndiye nilikusemea kwa inspekta. Nilisikia haya mbele ya batoto. Mambo ile, hakuna muntu alinifundisha. Balinipa chaki, bakasema: enda."

Kalaba alitaka kumfukuza. Badala yake aliuvuta bukari, ugali wake uliokuwa umepoa mezani, akaukata nusu kwa nusu: nusu moja vipande vitatu, nyingine vinne.

"Chagua ile utakula," alisema kwa ukali.

Gérard alitazama vipande vya pande zote mbili. Kisha akachukua kimoja cha vile vitatu, akainamisha kichwa.

Toka hapo alikuja karibu kila jioni. Hakuwa mjinga, alikuwa tu hajafundishwa. Alijifunza kuandaa somo, na kumwuliza mtoto badala ya kumpiga. Msimu wa mvua ulipoanza, nyimbo zile za uongo zilikwisha katika darasa la sita, na Mimi alikuwa akiinua mkono tena.

Ndipo wakaja watu wa serikali kuandikisha vijana katika ujandarme, jeshi la Katanga. Gérard alikuwa na wadogo wa kulisha, na jandarme alilipwa vizuri kuliko mwalimu. Alikuja kuaga amevaa sare iliyompwaya. Kalaba hakumwambia neno jema. Alimwuliza tu kama alikuwa amewaaga watoto. Alikuwa hajawaaga.

Wiki iliyofuata inspekta alileta kijana mwingine, mdogo kuliko Gérard, akamwacha kiwanjani akishikilia fimbo mpya.

"Utamusaidia, Mama," inspekta alisema, kama mtu anayetoa zawadi.

"Nitamusaidia, na nikimaliza utamupoteza yeye pia! Miye ninachota maji, weye unatoboa ndoo!"

Inspekta alikuwa ameshapanda gari. Kalaba alimgeukia yule kijana, akamnyang'anya ile fimbo na kuitupa nyuma ya choo.

"Jina lako nani?" alimwuliza. "Njoo ndani. Leo utakaa nyuma ya darasa langu, usikilize."