Mwache Ale Kwanza

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nikiwa kijana wa jikoni katika kikosi cha ndege za mabomu, mbali na vilima vyetu vya Masisi. Usicheke, vita si marubani peke yao, yuko pia wa kuchambua maharagwe. Siku ile niliyachambua bila kuyaona, maana mafundi walipakia mabomu wakisema ndege zinaelekea Masisi. Mama yangu alikuwa kijijini Bihambwe, hukohuko Masisi, na sikuwa na habari yake tangu mvua zianze.

Mkubwa wetu jikoni alikuwa Papa Bonane, mtu wa Walikale, mtoto wa wawindaji, mzito wa maneno. Alikuwa na sheria moja: anayerudi kutoka angani haulizwi kitu mpaka amalize sahani yake. Mimi niliiona sheria ya kizee. Lakini ulimi hauna mfupa, na hofu huulegeza zaidi. Ndege ziliporudi, rubani mmoja kijana akaketi na kushika kijiko, nikamwinamia nikamuuliza mabomu wameyatupa wapi.

Kijiko kilibaki hewani. Alikuwa rika langu, uso umemsawijika. Papa Bonane alinivuta shati hadi kwenye sufuria, akaniambia polepole:

"Mutoto, muntu akitoka kule, akule kwanza. Maneno ataisema yeye mwenyewe."

Nilimchukia. Ni rahisi kwake, nikajiambia, si mama yake aliye kule. Nilisimama pale nikitazama kila tonge likishuka. Kijana alikula yote. Kisha, bila kuulizwa, akasema:

"Masisi mawingu ilifunika yote, hatukuona chini. Tukaenda kutupa Walikale, mu pori."

Furaha ilinipanda hadi machoni, nasema bila haya. Ndipo nikamkumbuka Papa Bonane. Ndani ya pori lile ndugu zake walikuwa na mashamba na mitego yao. Hakuuliza mto upi wala kijiji gani. Alichukua upawa, akamwongezea kijana maharagwe hadi mchuzi ukamwagika mezani. Habari za kwao zilikawia sana kufika, na muda wote huo hakumpunguzia rubani yule chakula.

Mwanangu, siku hizi nawaona mkiwakimbilia na simu watu wanaotoka Walikale na magodoro kichwani, mkitaka waseme walichokiona kabla hawajatua mzigo. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mpe mtu maji, mpe pa kukaa, mpe maziwa kama yapo, hata kama unayemhofia ni mama yako mwenyewe. Na huyo anayekupakulia kimya, usidhani hana wake anaowahofia.

Mungu akupe moyo wa kungoja. Na ikifika siku yako ya kukimbia, akufikishe kwenye mlango wa mtu atakayekulisha kwanza.