Breki Alipolipita Lango

Dereva wa gari la wagonjwa la mtaani kwetu anaitwa Breki. Jina alilopewa na wazazi wake silijui, na sijamsikia mtu akilitumia. Kabla ya kubeba wagonjwa alibeba mikate kwa miaka mingi, na mkate uliobonyea mwenye duka haupokei. Basi akajifunza kukanyaga breki kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia. Vijana humtania: "Breki, jongoo kakupita!" Naye hujibu, "Mwambieni anisubiri mbele."

Sikuwa na haja naye. Zamani mtu akizidiwa, mtaa mzima ulitoka. Wanaume waling'oa mlango, wakamlaza mgonjwa juu yake, wakampokezana begani mpaka hospitali, wanawake nyuma na mafurushi ya nguo. Kaka yangu tulimbeba hivyo. Leo mtu akianguka, jirani anachungulia dirishani kisha anavuta pazia. Nimelisema hili mpaka wajukuu wananikimbia, na nitaendelea kulisema.

Mke wangu alianguka asubuhi, akianika nguo. Nilimkuta chini ya kamba, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia umelala kama si wake. Nikapiga kelele. Akaja jirani mmoja, simu mkononi. Nilidhani anapiga picha, nikamtukana matusi ya kutosha. Kumbe alikuwa anaita gari.

Breki akafika na nesi. Nesi akamtazama mke wangu, akaniuliza ameanza lini, akayasema yote kwenye simu kwa dada mmoja anayekaa kituoni, ambaye kazi yake ni kujua hospitali ipi leo ina nini na ipi haina. Wakampakia mgonjwa. Mimi wakanisukuma kiti cha mbele.

Hospitali yetu iko karibu. Ukikohoa nyumbani, mlinzi wa pale anakuambia pole. Wanangu wote wamezaliwa humo. Tulipofika langoni, Breki akapita.

"We! Umelewa? Hospitali ile pale!"

"Naiona, mzee wangu."

"Basi simama!"

"Dada wa simu kasema tusiingie. Mashine yao ya kupiga picha ya kichwa imekufa tangu juzi. Tunakwenda ile ya ng'ambo ya reli."

"Dada gani? Yeye kamwona mke wangu?"

"Hajamwona. Ila kitanda keshamtafutia."

"Nishushe! Nitambeba mwenyewe!"

"Kwa mgongo gani, babu?" nesi akauliza kutoka nyuma. "Huo tuliousukuma wawili kuupandisha garini?"

Nikageuka kwa hasira kulitazama lango likibaki nyuma. Nilikuwa nimemkumbuka kaka. Yeye tulimfikisha kwenye lango hilohilo, mabega yamechubuka, na ndani wakatuambia mpasuaji hayupo, mpelekeni kwingine. Huko kwingine damu ilikuwa imekwisha. Alikata roho juu ya mlango wetu, kati ya hospitali ya pili na ya tatu. Wajukuu sijawahi kuwasimulia sehemu hiyo. Huwa naishia pale tulipombeba.

Ng'ambo ya reli, vijana wawili walikuwa wamesimama nje na kitanda cha magurudumu. Daktari, binti wa umri wa mjukuu wangu, akauliza, "Huyu ndiye mama aliyeanguka akianika nguo?" Hakuna aliyetuonyesha benchi. Walimpeleka moja kwa moja kwenye picha ya kichwa, kisha kwenye dawa.

Baadaye daktari akaja kukaa nami ukumbini. Akasema dawa ile ya kuyeyusha damu iliyoganda ina muda wake, ukipita haifai tena. Tungeanza kubisha hodi lango kwa lango, muda ungeliwa na malango.

"Zamani tulishtukia tu mgonjwa kabwagwa mlangoni," akasema. "Tunatafuta kitanda huku yeye anaugulia sakafuni. Siku hizi tunaambiwa mapema. Na wa homa ndogondogo wanapelekwa zahanati, ndiyo maana mama kapata nafasi."

Nilitaka kumwambia kwamba hata hivyo zamani watu walipendana. Nikasema, "Asante, mwanangu." Nikairudia mara nyingi, mpaka akacheka.

Mke wangu yupo nyumbani. Mguu unaburuta kidogo na maneno yanachelewa, lakini yanafika, hasa ya kunisuta. Juzi Breki alipita mchana kumjulia hali. Nikammiminia chai. Hajafika nusu kikombe, simu ya dada wa kituoni ikaita, akaruka.

"Watu wa siku hizi!" nikasema. "Hata chai hawamalizi."

"Mwache aende," mke wangu akasema taratibu. "Huko kuna mke wa mtu."

Nikachukua fimbo yangu, nikasimama katikati ya barabara kuzuia magari. Wakanipigia honi, wakaniita mzee kichaa. Sikuondoka mpaka Breki alipotoka.